Komite ya maji: mapatano mbele ya kazi

Leo tunazungumza juu ya kazi ya kundi: namna gani watu waliochaguliwa kufanya kazi pamoja wanaweza kujua, tangu siku ya kwanza, kila mmoja anangojewa kufanya nini, na kundi lote linataka kufika wapi. Tutachukua mfano mmoja tu, komite ya maji ndani ya kambi ya wakimbizi wa ndani. Chakula kinagawanywa mara moja kwa mwezi, pengine hata hiyo mara moja haifiki. Lakini maji yanachotwa kila siku, na ugomvi wa maji nao unakuja kila siku.

Mnajua namna komite inavyoanza. Gari la shirika linafika. Watu wanaitwa chini ya mti, majina 10 yanaandikwa, fulana zinagawanywa, picha inapigwa, gari linarudi. Wale 10 wameambiwa neno moja tu: «Mtasimamia maji.» Basi tuulize, kusimamia ni kufanya nini? Mmoja amefahamu kwamba atalinda robine zisivunjwe. Wa pili amefahamu kwamba atapata franka kidogo mwisho wa mwezi. Wa tatu amepewa ufunguo, naye anaona mwenye ufunguo ndiye mwenye maji. Na wale waliosimama kwenye mstari wenyewe wamefahamu kwamba komite ndiyo italeta maji, hata siku gari la maji lisipofika. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyesema wazi.

Sikilizeni sasa mazungumzo ambayo, siku 10 baadaye, yanaweza kusikika kwenye robine yoyote.

— Papa Prezida, bidoni yangu iko hapa tangu alfajiri. Namna gani yule aliyefika sasa hivi anachota?

— Mama, yule ana mgonjwa nyumbani.

— Na mimi nina mtoto mchanga. Nani alisema mwenye mgonjwa ndiye wa kwanza?

— Ni sisi komite tuliona hivyo.

— Lini? Semeni tu kwamba ni mtu wa kwenu.

Angalieni lile jibu la mwisho. Inawezekana Papa Prezida alikuwa na haki. Kumtanguliza mwenye mgonjwa ni jambo jema. Lakini kanuni hiyo haikutangazwa mbele ya siku ile. Kanuni inayosikika kwa mara ya kwanza wakati mtu anaumizwa nayo haionekani kuwa kanuni, inaonekana kuwa upendeleo. Na mtu anapotafuta sababu ya upendeleo, ndani ya inchi iliyopigwa na vita miaka mingi, sababu ya kwanza inayokuja mdomoni ni kabila, kijiji, au upande aliotoka mtu. Jioni ile maneno ya bidoni moja yamekwisha kuwa maneno ya jamaa mbili. Usiku vijana wanakutana. Wengi wanadhani ugomvi wa namna hii unatoka ndani ya roho mbaya. Mara nyingi unatoka ndani ya mapatano ambayo hayakufanywa.

Jambo hili lina historia hapa kwetu. Mwezi wa saba mwaka wa 1994, kwa siku chache tu, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Goma. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, kuchimba kisima au choo ni kazi ngumu sana, na watu walikuwa wanakunywa maji ya Ziwa Kivu kama yalivyo. Mashirika mengi yalifika na mali nyingi. Lakini hayakuwa na kipimo kimoja ambacho wote wamekubaliana: maji kiasi gani kwa mtu mmoja, choo kimoja kwa watu wangapi. Na kwa sababu chakula kiligawanywa kupitia wakubwa wa kambi, wakubwa hao walijijengea nguvu juu ya watu. Baada ya mambo hayo, mwaka wa 1997, mashirika yalianza kuandika pamoja mwongozo unaoitwa Sphere, wenye vipimo vya msaada. Vipimo vile vinatumika mpaka leo katika inchi nyingi, na watu wengi wanaopanga mstari kwenye robine hawajui kwamba sehemu ya chanzo chake ni vifo vya Goma.

Vipimo vyenyewe si siri. Kwa maji, mwongozo unasema hivi: mtu mmoja apate angalau litri 15 kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Robine moja itumikie watu 250, ikiwa inatoa litri 7 na nusu kwa dakika. Maji yasiwe mbali na nyumba kupita metre 500. Na mtu asingoje kwenye mstari kupita dakika 30.

Sasa tuchukue kipimo hicho tukilete chini, kwenye matope. Tuseme kambi ina jamaa 400, na kila jamaa ina watu 6. Hao ni watu 2,400. Kambi ina robine 6. Kila robine basi inangojewa na watu 400, na mwongozo unasema 250. Mmeona? Mbele ya komite kufungua mdomo, kazi yake imekwisha kuwa nzito kuliko kipimo.

Tuendelee na hesabu, maana hapa ndipo pana faida. Bidoni yetu ya kawaida ni ya litri 20. Robine inayotoa litri 7 na nusu kwa dakika inaijaza kwa dakika 2 na sekunde 40. Mnaweza kupima wenyewe kwa saa ya telefone: ikipita hapo, nguvu ya maji ni ndogo, na hilo ni neno la kuwaambia mafundi, si la kumgombeza anayefungulia. Ongezeni wakati wa kuondoa bidoni moja na kuweka nyingine. Tuseme dakika 3 na zaidi kidogo kwa bidoni. Robine ikifunguliwa tangu saa 12 ya asubuhi mpaka saa 4, na tena tangu saa 8 ya mchana mpaka saa 12 ya jioni, hizo ni saa 8. Kwa saa 8, robine moja inaweza kujaza bidoni 150. Robine 6 zinajaza bidoni 900.

Bidoni 900 kwa jamaa 400. Kama tungefuata litri 15, jamaa ya watu 6 ingepaswa kupata litri 90, ndiyo bidoni 4 na nusu. Haiwezekani kwa robine 6. Komite ikisimama mbele ya watu na kusema «kila jamaa itapata maji ya kutosha», imejitega yenyewe. Lakini inaweza kusema hivi: «Kila jamaa itapata bidoni 2 kila siku, mbele ya saa 12 ya jioni.» Hizo ni bidoni 800. Zinabaki 100. Na hizo 100 ziwe na wenyewe tangu siku ya kwanza: bidoni 40 kwa wenyeji walio karibu na robine, na 60 kwa wagonjwa, kwa mama aliyejifungua, na kwa jamaa iliyofika usiku ikiwa na vitambaa tu mgongoni.

Hilo ndilo lengo la kundi. Lina hesabu, lina saa, na mtoto wa shule anaweza kulikagua. Jioni hakuna haja ya kubishana kama komite ni nzuri ao mbaya. Tunauliza tu: jamaa ngapi zilikosa bidoni ya pili, na juu ya nini?

Tena lengo la namna hii linagawa mzigo. Kutoa bidoni 2 kwa kila jamaa ni kazi ya komite. Kufikisha bidoni 4 na nusu si kazi yake, maana inahitaji robine mara mbili ya zile zilizopo na hata zaidi, na hizo zinaletwa na shirika ao na serikali. Komite yenye hesabu yake inaweza kwenda mbele ya shirika na kusema: «Kwa miezi 2 tumejaza bidoni 900 kila siku, robine hazina nafasi tena, tazameni daftari.» Hilo ni ombi lingine kabisa kuliko kusema «watu wanateseka», ambalo shirika linalisikia kila mahali. Na gari la maji likikwama njiani, ao pompi ikikosa mazuti, ao njia ikifungwa na mapigano, watu wasingojee komite ifanye miujiza. Wangojee jambo moja: mbele ya saa 1 ya asubuhi komite itangaze kwamba maji hayaji, na kwamba maji yaliyobaki ndani ya tangi yatagawanywa namna hii. Kunyamaza siku ya shida kunaleta maneno mabaya kuliko shida yenyewe.

Tuje kwa watu wenyewe. Tulisema komite ina watu 10. Robine 6, zamu 2 kwa siku, siku 7: hizo ni zamu 84 kwa juma. Watu 10 wakigawana zamu 84, kila mmoja anafanya zamu 8 na zaidi kwa juma, yaani kila siku, na siku nyingine mara mbili. Ni mtu gani mwenye watoto anayeweza kazi hiyo bila mshahara? Juma la kwanza wanakuja kwa moyo. Juma la tatu mmoja amekwenda kulima kwa watu ili apate unga. Juma la tano robine 3 hazina msimamizi, na watu wanasema: «Komite ni wavivu.» Si uvivu, ni hesabu iliyokosekana. Wakiwa watu 28, kila mmoja ana zamu 3 kwa juma, na hapo anaweza kuahidi na kutimiza.

Juu ya mshahara, jambo hili lisemwe siku ya kwanza, kwa sauti, watu wote wakisikia: kazi inalipwa, ao hailipwi, ao inalipwa kwa sabuni. Msiseme «tutaona». Neno «tutaona» linasikika kama «ndiyo», na baada ya miezi 3 linakuwa deni. Kama hailipwi, zamu ziwe fupi. Na mtu asijilipe mwenyewe kwa kuuza bidoni nyuma ya tangi.

Sasa mgawo wa kazi. Anayefungulia robine afungulie na kuhesabu. Mwenye ufunguo afungue na kufunga kwa saa iliyopatanwa, na ufunguo wa pili ukae kwa mtu mwingine, maana hata mwenye ufunguo anaugua. Mmoja azungumze na shirika. Mwingine apokee manung'uniko, na huyo asiwe Prezida. Mtu hawezi kushitaki kwa yule yule anayemshitaki.

Wamama wawe ndani ya komite, tena si kwa kupika chai ya mkutano. Mwaka wa 1998 Umoja wa Mataifa ulipokea Kanuni Elekezi juu ya wakimbizi wa ndani, na kanuni ya 18 inasema kwamba juhudi ya pekee ifanywe ili wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa vitu vya lazima. Wao na watoto wao wa kike ndio wanaochota maji. Wao ndio wanaojua kwamba saa 11 ya asubuhi njia ya robine ina giza, na kwamba bidoni ya litri 20 haibebwi na mtoto wa miaka 8. Lakini mkiita mkutano saa 3 ya asubuhi, wakati wako kwenye maji ao shambani, mmewafukuza bila kusema neno. Mkutano uwe jioni.

Kuna kanuni moja isiyohitaji hesabu. Hakuna mtu wa komite, wa shirika, ao wa ulinzi anayeweza kumwomba mama ao binti chochote ili apate maji: si franka, si mwili wake. Jambo hili litajwe wazi kila mkutano, hata kama wazee wanaona haya, na watu waelezwe wapi wanaweza kushitaki inje ya komite.

Kuhesabu kunafanywa namna gani, kama anayesimamia hajui kuandika? Ni rahisi. Kila bidoni ikijaa, anaweka kokoto moja ndani ya kopo. Kokoto za volkano hazikosekani. Msitumie maharagi, yataliwa. Jioni makopo 6 yanamwagwa mbele ya watu na kuhesabiwa, na mtu anayejua kuandika anaandika juu ya ubao kwa makala: leo bidoni ngapi zilijazwa, jamaa ngapi zilikosa, na sababu. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ubao ule uwekwe mahali pa kupita watu wote, si ndani ya nyumba ya Prezida.

Mnaweza kuuliza: kama hali ikibadilika, mapatano hayo si yatavunjika? Yatavunjika, ndiyo. Tuseme usiku mmoja jamaa 60 zinaingia, zimekimbia risasi. Sasa jamaa ni 460. Kwa bidoni 2 kila moja, tunahitaji 920, nasi tuna 900. Wale 40 wa wenyeji na 60 wa wagonjwa wamekwisha kumezwa. Komite inayoficha hesabu itapunguza kimya kimya upande wa wale wasio na sauti, na mara nyingi hao ni wenyeji walio maskini ao wageni wa jana. Baada ya siku 3 mwenyeji mmoja anasimama njiani anasema: «Tuliwapa ardhi, sasa mnatunyima maji.» Maneno hayo yamechoma vijiji.

Fanyeni hivi. Asubuhi ile ile iteni watu wa pande zote tatu: wa kwanza kambini, waliofika usiku, na wenyeji pamoja na sefu wao. Waonyesheni ubao. Mkiongeza nusu saa ya kufungua, robine 6 zinaongeza karibu bidoni 56. Jumla inakuwa 956. Toeni 920, zinabaki 36. Kisha waulizeni: hizi 36 ni za nani juma hili? Pengine watasema wagonjwa kwanza. Pengine wenyeji watasema wao wataongeza kwa kutumia tshukudu yao kuchota ziwani juma moja, mradi waandikwe tena wakati robine mpya ikija. Hatuwezi kuwaamulia kutoka hapa redioni. Tunajua tu kwamba mtu aliyeona kokoto zikihesabiwa na kuulizwa shauri lake anaweza kukubali bidoni moja pungufu, na yule asiyeulizwa hatakubali hata kikombe.

Neno kidogo kwa viongozi, na tunalisema kwa heshima. Bwana Sefu, Papa wa avenyu, kazi yako ni kuita watu, kushuhudia mapatano, na kusikiliza yale yaliyoishinda komite. Si kazi yako kutuma kijana na kikaratasi: «Jaza bidoni 10 za nyumbani kwangu.» Kama una wageni, una wagonjwa, mambo hayo yana sehemu yake ndani ya zile 60. Watu wanaangalia bidoni yako kuliko wanavyosikiliza hotuba yako.

Na msimamizi asiyefika kwenye zamu yake? Mbele ya kumfukuza, muulizeni mambo mawili: ulijua kwamba zamu ni yako, na ni kitu gani kilikuzuia. Kama hakujua, kosa ni la mapatano, yarekebisheni. Kama alijua na alizuiliwa na ugonjwa, mtafutieni wa kumpokea. Kama alijua na hakujali, mara ya pili abadilishwe ndani ya mkutano, si kwa minong'ono. Kila majuma mawili kaeni nusu saa mtazame ubao pamoja. Hizo zamu 84 zinaweza kugawanywa upya, saa zinaweza kusogezwa.

Tena kuna njia ya kupima kama mapatano yenu yamesikika. Kesho asubuhi, mbele ya robine kufunguliwa, nendeni mpaka mwisho wa mstari. Huko mtamkuta pengine binti wa miaka 12 na bidoni yake ya manjano. Msimwulize Prezida, mwulizeni yeye: leo jamaa yenu ina haki ya bidoni ngapi, mpaka saa ngapi, nani anapita mbele yako na juu ya nini, na ukinyimwa utamwambia nani. Akijibu yote manne, komite inaweza kufungua. Asipojibu, ngojeni kidogo, mwelezeni kwa sauti ili wale walio mbele yake wasikie pia, kisha fungueni maji.